Sura Yangu Si ya Kuuzia Dawa

Jumatatu, 5 Mei
Nimeshona makubadhi tangu asubuhi. Ngozi nzuri ya mbuzi. Siyu nzima hakuna anishindaye kwa sindano, hata hao walokufa. Mwanangu Salma kaja na simu. Sura yangu imo ndani! Picha aliyonipiga mgeni mmoja hapa mlangoni. Ati nauza dawa ya sukari. Ati "Sheikh wa Siyu". Dawa siijui, usheikh sina. Lakini ndevu zimetoka vizuri. Nimefurahi kidogo, sitasema uongo.

Alhamisi, 8 Mei
Furaha imekwisha. Bi Zuhura wa Kiunga, mteja wangu tangu ujana, kaacha dawa za hospitali akanywa hiyo ya kwenye simu. Kaiona sura yangu, akaamini. Kalazwa, hatambui watu. Mwanawe kanipigia: "Mzee, mama akifa tutaonana mbele ya Mungu."

Jumamosi, 10 Mei
Salma kaishtaki picha kwa wenye mtandao, huko ng'ambo. Jibu papo hapo, la mashine. Haivunji kanuni zao. Sura yangu, ndevu zangu, kanuni zao! Nti hii haina sheria? Msikitini watu wanisalimu kwa mbali. Nina hasira.

Jumanne, 13 Mei
Nimekwenda Amu, afisi ya serikali. Afisa asema kampuni iko ng'ambo, ndia ni ndefu. Nikamwambia, mgeni akiingia kwangu huvua viatu, hata awe sultani. Hawa wameingia, wanakula kwetu. Wavue! Kacheka, kaandika mashtaka yangu. "Haya, Bwana Omari, weka kidole." Kidole? Nikashika kalamu. Nimeandika jina langu, la baba na la babu. Polepole, lakini lote.

Alhamisi, 12 Juni
Afisi imepiga simu. Kampuni ilijibu kwanza kuwa haina afisi Kenya. Ikaambiwa: mwauza matangazo Kenya, mtajibu kwa sheria ya Kenya. Imeitoa picha. Salma katafuta kila pembe, haipo. Alhamdulillahi. Salma asema nimelia. Moshi tu.

Jumapili, 15 Juni
Bi Zuhura karudi nyumbani. Dhaifu, lakini ulimi mzima. Kamtuma mwanawe na kubadhi lililokatika ukanda. "Mwambie fundi anishonee. Dawa asinitilie."
Nimecheka peke yangu.
Nimeshona uzi mara mbili. Ukanda huo utatuzika sote wawili.