Tano Zilizobaki Tengani

Muheza, Tanga
21 Septemba 2003

Mpendwa mdogo wangu Vitalia,

Nimeandika tarehe hapo juu nikakumbuka kwamba mwezi huu natimiza miaka arobaini na miwili tangu nipande lori pale Songea kuja kwenye mkonge. Niliondoka nikisema ni miaka miwili.

Marahaba kwa shikamoo uliyonitumia. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya hospitali ya Litembo ilikusaidia, au umerudia majani yako? Na muhogo wa kule bondeni, nguruwe wameuacha? Nijibu yote, usiruke hata moja, maana wewe ukiulizwa mambo matano hujibu mawili.

Sisi hatujambo. Wifi yako Otilia kikohozi kimemwacha, sasa anaweza kunigombeza bila kupumzika. Shamba la mkonge limepata wenyewe wapya tangu libinafsishwe. Wameipaka rangi ofisi nilimokuwa karani, wakaitoa meza yangu nje, na kuku wa mlinzi wanataga ndani ya saraka.

Sasa nikuondolee wasiwasi. Restituta harudi huko Desemba. Lile nililokuandikia mwezi wa saba, lifute. Mjukuu wako si mzito wa akili, na mtihani wa darasa la nne atafanya pamoja na wenzake.

Mwalimu mkuu ndiye aliyetumia neno hilo, "mzito". Alisema kama hesabu zake hazitapanda, ni afadhali arudi kwao kuliko kupoteza nafasi ya mtoto mwingine. Nami nikalinakili kwako kama lilivyo. Baada ya kutia barua kwenye sanduku la posta nilisimama pale nikitamani kuitoa, kwa kuwa nilijua ungeisoma peke yako, na mtoto yule ndiye pekee aliyekubakia kwa marehemu mama yake.

Kilichotuvuruga ni kwamba makosa yake hayakuwa na utaratibu. Ukimuuliza nane kujumlisha sita, anakwambia kumi na nne bila kusita. Ukimuuliza saba kujumlisha nne, ambayo ni rahisi zaidi, anaandika sita. Jumla ndogo kuliko saba yenyewe! Otilia alisema mtoto anatuchezea. Mimi nilidhani ni macho, nikampeleka Tanga mjini kupimwa, yakakutwa mazima.

Mwezi uliopita watu wa mradi fulani waliiletea shule kompyuta chache na mtihani wa aina ambayo sijapata kuiona. Sisi kwa watawa tulipewa alama, basi, na fimbo kwa kila alama iliyopungua. Huu wa sasa hautafuti alama. Mtoto akikosa swali, mashine haimwambii kitu. Inamletea jingine linalofanana na lile, kisha jingine lililogeuzwa kidogo, mpaka ijue ni wapi hasa anapojikwaa. Anapomaliza, humwonyesha mwalimu amekosa nini na amekosa namna gani.

Mwalimu wake wa hesabu, Mwalimu Mhina, mama mmoja wa Kibondei, alituma niitwe. Akanikalisha mbele ya kioo cha kompyuta.

"Babu Othmar, hebu tazama. Kila anapokosa, jibu limepungua tano. Ishirini na saba kujumlisha kumi na nne, thelathini na sita. Thelathini na nane kujumlisha tisa, arobaini na mbili. Tano, tano, tano! Mtoto asiyejua angekosea ovyo. Huyu anajua kitu, ila sijui ni kitu gani."

Mashine nayo haikujua sababu. Ilichofanya ni kumshauri mwalimu amwache mtoto akokotoe kwa sauti, kwa lugha yoyote anayoitaka. Basi Restituta akaitwa. Alikuja ameinamisha kichwa, akidhani safari imefika.

"Resti, saba na nne," Mwalimu akamwambia. "Jibu sitaki. Nataka nisikie unavyokwenda. Sema hata kwa lugha ya bibi yako."

Akaficha mikono nyuma, akaanza kunong'ona lugha yetu, na mimi nikawa mkalimani. Unajua sisi hatuna neno la saba. Tunasema tano na mbili. Alianza hapo. Akaongeza zile nne, moja moja. Mbili zikawa tatu, zikawa nne, zikawa tano. Hapo akasema, "Mtungo. Tupa." Ikabaki moja. Tano na moja. Akainua uso: "Sita."

Nikamuuliza, "Na ule mtungo ulioutupa?"

"Uko tengani, Babu."

"Mbona huuhesabu?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Bibi amekataza. Samaki akishaingia tengani hatajwi. Wachuuzi wanasikia."

Vitalia, nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Ikabidi nimweleze Mwalimu unavyohesabu magege, samaki wetu wa ziwani, pale ufukweni: kila watano wanatungwa kwenye ugwe wa gome, mtungo unatupwa tengani, na mdomo unaendelea na wale waliobaki mkekani tu. Nikamweleza kwamba tangu wachuuzi wa Mbinga na Songea waanze kuja na magari yao, kila mmoja na bei yake, kina mama hamtaji mitungo iliyomo tengani mpaka mnunuzi atamke bei yake kwanza, maana akijua samaki ni wengi anashusha. Mtoto amekulia miguuni pako akifanya hivyo kabla hajashika penseli. Nane na sita alipata kwa sababu tatu na moja hazitimizi mtungo mpya. Kila mtungo mpya ulipotimia, aliutunza na kuunyamazia.

Mwalimu Mhina alimshika bega. "Sasa humu darasani mchuuzi ni nani, mwanangu? Mimi?"

"Siyo wewe, Mwalimu." Akaionyesha kompyuta kwa kidole. "Ni hiyo. Inaandika kila kitu."

Tiba yake ilikuwa ndogo. Mwalimu alimpa vizibo vya soda na kikapu. Akamwambia aendelee kutunga kama alivyofundishwa, ila akifika mwisho wa hesabu akimwage kikapu mezani na kutaja vyote, kwa kuwa darasani hakuna anayenunua. Siku za kwanza alikuwa akichungulia dirishani kabla ya kumwaga. Sasa vizibo ameviacha. Juzi amerudia mtihani ule na mashine haikuiona tena ile tano inayopungua. Mwalimu mkuu alinikuta sokoni akaniambia, "Mzee, lile neno nimelirudisha kinywani." Nikamwambia alimeze kabisa.

Usijilaumu hata kidogo. Angekuwa hakusikia uliyomfundisha, makosa yake yasingefuatana hivyo, na hakuna mashine ambayo ingeweza kuyafuata. Usiku wa siku ile niliyoitwa shuleni Otilia alimpikia wali wa nazi, na mimi nililala usingizi ambao sijaupata tangu Julai.

Liko jambo la pili. Uliniandikia kwamba nikimleta mtoto nisigeuke tena kurudi Muheza, na kwamba mwanao Sixbert ameanza kuezeka chumba cha upande wa ziwa. Nakiri barua hiyo niliisoma nimesimama. Nilikuwa nimekubali, Vitalia. Nilishaanza kugawa vitabu vyangu kwa majirani. Jioni nilikuwa nikitaja kimoyomoyo nyumba za kwetu Lituhi kutoka kanisani mpaka majini, kwa mpangilio, na nilipofikia nyumba ambazo nimesahau za nani, nilijiambia nitauliza nikifika.

Lakini safari ile ilikuwa ya kumrudisha mtoto, na mtoto harudishwi. Ana darasa la tano, la sita na la saba mbele yake, na Mungu akipenda sekondari. Anahitaji mtu wa kumwamsha na wa kukaa naye jioni anapojisomea. Nina miaka sabini na moja. Atakapomaliza, barabara ile ya Songea itakuwa imenizidi.

Nisalimie Sixbert na mkewe, mwambie namshukuru kwa kila bati. Nisalimie Pankras, kama bado anadanganya katika bao. Nisalimie Urbani wa kule kijijini Ruanda ukimpata anayekwenda. Restituta anakuamkia shikamoo, na anauliza kama yule mbuzi mweusi amezaa. Mungu akulinde, alinde goti lako na mikono yako, na akupe samaki wa kujaza tenga.

Kile chumba kisikae bure. Weka humo nyavu, au mpe mjukuu atakayeoa. Mimi sitarudi Lituhi.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda tangu nikubebe mgongoni,
Othmar