Siku Niliyozunguka Stupa

Neema mjukuu wangu,

Nakusalimu kutoka Buffalo. Kifua kinanibana, lakini uji bado unapita. Mjomba wako wa Columbus amepata binti, tumshukuru Mungu.

Unauliza kama Mkristo anaweza kwenda hekaluni kumuaga marehemu baba wa rafiki yako Mbudha hapo Louisville. Siku zangu zimebaki chache, kwa hiyo nikuambie jambo ambalo kanisani sijawahi kulisema.

Nilipokuwa mwanafunzi India, nilitembelea magofu ya stupa, kilima cha matofali ambacho Wabudha wa kale walijenga kutunzia masalia ya mtakatifu wao. Watu walikuwa wanakizunguka wakisali. Nami nikaanza kuzunguka, ila kwa upande tuliozoea kanisani tunapopeleka sadaka, kinyume na wao, nikawa nawagonga watu mabega. Bibi mmoja akanishika kiwiko huku anacheka.

“Binti, unarudi nyumbani kabla hujafika? Geuka, twende wote.”

Nikageuka. Yeye alisali sala zake, mimi nikasali Baba Yetu kimoyomoyo, na sikuona Mungu akininunia.

Nenda, Neema. Mpe rafiki yako pole yangu pia, na usiharakishe kuondoka.

Bibi yako anayekupenda