Karatasi Uliyoirudisha Tupu

Mpendwa Nasieku,

Tangu darasa la sita nimekuwa nikiketi upande wa kulia. Kanisani, kwenye mikutano ya walimu, hata mezani kwangu hapa Noonkopir, naacha nafasi kushoto. Juzi mwalimu mwenzangu aliniuliza, "Umemwekea nani kiti?" Nilipogeuka kumjibu, nilihisi kabisa kuna mtu ameketi pale, ameinamia daftari.

Unakumbuka dawati letu? Mama yako alikuwa akija kutufulia nguo, na baba yangu ndiye aliyekuwa na nyumba za kupangisha karibu na shule. Darasa zima lilijua nani ana akili: mimi. Wewe ulisoma hata wakati wa mapumziko, midomo ikicheza bila sauti, vumbi la Kitengela limekujaa kwenye nyusi, nasi tukikucheka kutoka nje. "Ako na kichwa ngumu, ndio maana anasoma hivyo," nilikuwa nikisema. "Mwenye anajua hasumbuki." Hakuna mtu mzima aliyenifundisha maneno hayo.

Kisha ukaja ule mtihani wa hesabu. Tulipata alama sawa, na tulikosea mahali pamoja. Mwalimu akatuita mbele. Mimi hakuniuliza chochote. Alikugeukia wewe: "Umenakili kwa Wanjiru?" Ukanitazama. Nikatazama viatu vyangu.

Aliyenakili ni mimi, Nasieku.

Mchana huo ulifungiwa darasani peke yako uufanye mtihani upya. Nilikuchungulia dirishani. Hukugusa kalamu. Ulikaa wima, mikono mapajani, ukiikodolea macho karatasi kana kwamba kuna mwingine aliyekuwa akikuandikia. Upepo ulitingisha mabati juu, lakini mle ndani hata ukurasa haukuinuka. Kisha ukageuka polepole. Kwenye kioo, uso wangu ulikuwa umekaa juu ya wako, macho yangu mahali pa macho yako, na mmoja wetu alikuwa akitabasamu. Mpaka leo sijui ni nani.

Ulirudisha karatasi tupu. Wiki iliyofuata mkahamia Magadi. Miaka yote hii niliamini kwamba ulijua nilinakili kwako, na kwamba ulikuwa mahali fulani ukiningoja niseme.

Mwezi uliopita binti yangu alikuwa sebuleni akicheza shule na wanasesere wake. Wa viatu vyekundu alimweka mbele. Yule aliyeraruka nguo alimgeuza uso ukutani.

"Huyu anasoma sana ju ako na kichwa ngumu," akasema. "Mwenye anajua hasumbuki."

Sijawahi kumtamkia maneno hayo. Ilikuwa sauti yangu ya utotoni, hata pale nilipozoea kuvuta pumzi.

"Nani amekuambia hivyo?"

"Hakuna mtu. Si kila mtu anajua?"

Jumamosi nikaja Magadi kukutafuta. Ziwa lilikuwa jeupe hadi macho yakauma, na saa sita ile hakuna kilichokuwa na kivuli, hata mimi. Mama yako alinitambua kabla sijajitaja. Akaniambia ugonjwa ulikuchukua mwaka jana.

"Alikuwa anakutaja sana," akasema. "Aliniambia, 'Yeyo, mama, mimi nasoma mpaka macho inauma, na Wanjiru anacheza tu, na bado tunapata sawa. Mimi sina akili. Wacha niache shule.' Na akaacha."

Kumbe hukujua. Uliketi mbele ya ile karatasi ukiamini maneno yangu.

Nikamweleza mama yako ukweli wote. Hakulia, hakunitukana. Alinishika mkono, mkono wake baridi katika joto lile, akanipeleka nyuma ya nyumba palipo na mawe yaliyopangwa. "Mwambie mwenyewe," akasema, akaniacha. Nilifungua kinywa, likatoka jina lako, basi. Mbuzi waliokuwa wakila pale karibu waliacha kutafuna, wote kwa pamoja, wakatazama nyuma yangu. Sikuthubutu kugeuka.

Ndiyo maana nakuandikia. Jumamosi hii narudi kukusomea barua hii kwa sauti, na binti yangu nitakuja naye asikie kila neno. Mama yako amekubali kusimama nasi. Amesema nikijaribu kuruka mstari hata mmoja, ataniambia nianze upya.

Nisikilize, kisha upumzike.

Ni mimi, uliyeketi naye,
Wanjiru