Mgebuka Upande wa Esta

Baba Esta,

Wamekufanya mrefu! Hilo ndilo nilitaka ulisikie kwanza. Wale vijana wa Kigoma mjini waliokuja kutuhoji ukiwa mzima wamemaliza filamu yao ya Esta wetu na mpira wake. Ijumaa wameionyesha kwenye uwanja wa shule, shuka jeupe limetundikwa golini, Ujiji nzima imekaa chini. Huyo kijana anayejifanya wewe ana kifua, ana ndevu zimechongwa, akipita mlangoni anainama. Nilicheka mpaka jirani akanifinya. Wewe mume wangu, uliyekuwa unapanda kigoda kutoa sufuria kabatini!

Eda nimemaliza salama. Mawese nauza pale pale sokoni, na wateja wako bado wanakutaja. Kinachonishinda ni kula. Napika vizuri, nakaa mbele ya sinia, nikitazama upande wako naona hakuna mkono. Basi, tonge haliteremki. Namwambia Esta nimeshakula sokoni. Ananitazama gauni linavyoning'inia, haamini.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Esta ameitwa Dar es Salaam, Baba Esta! Timu ya wanawake, ile mliyokuwa mnaisikiliza redioni mpaka mnaunguza chai yangu. Mtoto akakataa. "Mama, siendi. Nikienda nani ataona kama umekula?" Nikafoka, nikabembeleza, nikamnunia siku nzima. Kichwa kigumu, amekichukua kwako ingawa hukumzaa. Mwalimu wake akaniambia wakimkosa wanamchukua mwingine, na huko hawamsubiri mtu. Nikawa nalala na hilo, naamka nalo. Mtoto anapoteza bahati yake kwa sababu ya tumbo langu mimi.

Sasa turudi kwenye filamu. Imefika siku ile tuliyomleta kutoka Simbo, baada ya kumzika mama yake, rafiki yangu aliyekuwa akiniletea muhogo. Yule mrefu akapiga magoti, akamkumbatia mtoto, akasema, "Kuanzia leo mimi ni baba yako, sitakuacha kamwe." Muziki ukapanda. Watu wakalia, wanaume wazima wakajifanya wameingiwa na vumbi machoni. Mimi nikamgeukia Esta. Alikuwa amekunja uso.

"Baba hakusema hivyo," akaninong'oneza.

Kweli hukusema. Siku ile alikaa pale mlangoni, amekumbatia kifurushi chake, haingii ndani wala harudi nje. Ukamsalimia kwa Kiha chako kibovu, akakutazama kama umemtukana. Ukaniambia nilete sinia pale pale mlangoni. Ugali wa muhogo na mgebuka mmoja katikati, maana ndiye tuliyekuwa naye. Ukaanza kula, humwangalii, macho yako barabarani. Halafu kwa kidole ukamsogeza samaki, taratibu, mpaka upande wake. Mtoto akamrudisha katikati. Ukamsogeza tena. Akamrudisha. Mimi nimeshika tonge hewani, nawaangalia, nasema moyoni hawa wawili leo hawali. Mwishowe akamchukua, akamla na kichwa. Tangu siku hiyo hukuonja tena tumbo la samaki nyumba hii, na watu wakaanza kutuita Baba Esta na Mama Esta.

Na Jumapili hawakuziweka. Wewe na baraghashia yako, unampeleka kanisani kwa baiskeli, unamsubiri nje mpaka watoke. Wenzako wa msikitini wakipita wanakutania, "Vipi, Baba Esta, umehama?" Unawajibu, "Namsubiri mtoto wangu." Golini wamekuweka, lakini wamekuvisha suti ya michezo, unaruka huku na huku unadaka. Loo! Wewe ulisimama golini na msuli kiunoni, mpira wake wa kwanza ukakupiga tumboni ukakaa chini, ukawa unampigia makofi huku huwezi kupumua.

Filamu ilipokwisha tukarudi nyumbani. Kesho yake mchana nikakaanga mgebuka kutoka ufukwe wa Katonga, mmoja, mnene. Nikaweka sinia, nikaanza mchezo wangu wa kulizungusha tonge mkononi. Mara naona samaki anakuja.

Anakuja kwa kidole, taratibu. Mtoto hanitazami, macho yake barabarani. Nikamrudisha katikati. Akamsogeza. Nikamrudisha, nikamwambia aache utoto. Akamsogeza tena, taratibu vile vile kama wewe, na mimi hapo nikashindwa. Nililia, Baba Esta. Nililia kwa sauti kuliko siku ya mazishi, machozi yanaingia kwenye ugali. Wala hakunibembeleza. Alingoja nimalize, akamsukuma samaki mpaka akagusa mkono wangu.

Nikamla. Nikala tumbo, nikala mkia, nikafyonza kichwa, nikamtuma ugali mwingine jikoni. Esta alikaa ananitazama mpaka nilipoanza kunawa. Hapo ndipo alipoinuka, akaingia chumbani, akatoa lile begi lako chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo.

Jana nimempeleka stesheni. Amevaa viatu vyake vya kuchezea mpira, eti visije vikaibiwa begini. Alinishika mkono dirishani mpaka treni ikaanza kujivuta. Sikulia. Nililia njiani, nikirudi, lakini hilo usimwambie.

Nimekukumbuka, mume wangu. Nimekukumbuka mpaka kifua kinauma, sioni haya kulisema. Nyumbani sasa nipo peke yangu, na najua unachowaza. Usiwe na wasiwasi. Nakuahidi nitakula kila siku anayoileta Mungu, nikae na nguvu za kupiga kelele jirani akiwasha runinga na mtoto wetu yumo uwanjani. Na siku akija likizo, sinia naweka pale pale mlangoni.

Leo mchana nimeandaa. Mgebuka nimemweka katikati, kama kawaida yetu. Nikaona aibu kidogo, nikatazama barabarani. Halafu nikamsogeza kwa kidole mpaka upande wangu, nikala.

Pumzika, mfupi wangu.

Mama Esta