Gia ya Rivasi na Mkeka wa Mwaitu

Jumapili, 13 Oktoba

Leo Mwaitu amenipa zawadi. Naiandika hapa ili kesho nisiseme niliota. Mama mkwe wangu, Mwaitu Syokau, ambaye tangu niolewe boma hili hajawahi kunisifu hata kwa kuchemsha maji! Baada ya ibada alisimama mbele ya mwethya wote, kikundi chetu cha kazi, mkono mmoja umeshika benchi kwa sababu macho yamekwisha, akafunua mkeka mdogo wa katani. Mnene! Umesukwa mara mbili kama kitako cha kyondo, na kamba za kufungia kila pembe. Kumbe siku ile pasta alipoiombea trekta ya kikundi, yeye alikuwa anapapasa pale chini ya miguu ya dereva, anapima kwa shibiri. Amesuka kwa vidole, bila kuona.

Akasema chuma kile kinaunguza, na mimi naendesha na akala, viatu vya tairi. Miguu ya mke wa mwanawe isiungue ikiwachimbia watu maji. Vigelegele! Nililia mbele za watu. Sijali.

Shemeji yangu Mulinge alipiga makofi mawili hivi, akaingiza mikono mfukoni. Bado ana kidonda. Aliwahi kuendesha lori la mchanga, lakini mwethya ulinituma mimi Kitui kujifunza trekta. Atapoa. Asipopoa, shauri yake.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mkeka umekaa pale chini kama umezaliwa hapo. Nimeufunga kamba zote nne. Miguu raha mustarehe.

Gia nayo imeanza vituko. Kazi ya silanga, bwawa letu la maji ya mvua, ni nenda-rudi: unaingia na baketi ya mbele, unabeba tope, rivasi, unageuka, unamwaga ukutani, rivasi tena. Kutwa nzima. Wiki iliyopita trekta yetu ndogo ilikuwa inateleza tu. Leo kila nikitaka rivasi — krrrrr! Inasaga meno. Nakanyaga klachi mpaka mwisho, bado krrrr. Nikafikiri ni tope la chini, limekuwa zito. Nikapunguza mzigo. Wapi.

Na mawingu yameanza kujikusanya upande wa milima ya Chyulu. Mvua ikikuta silanga bado imejaa mchanga, mwaka mwingine tena tutafukua maji mtoni na vikombe, tukipigania zamu na ng'ombe.

Jumatano, 16 Oktoba



Jana ilikuwa mbaya. Ilibidi nizime injini ndiyo gia iingie, niwashe tena, trekta iruke kama mbuzi aliyekanyagwa. Wanaume wakacheka. Mimi nikaendelea. Kichwa ngumu.

Leo saa nne nimeshuka mteremko na baketi tupu. Kasyoki, mwenzangu wa mwethya, alikuwa chini, ameinama, anachota na koleo, anaimba. Nikakanyaga klachi nisimame nimsubiri. Trekta haikusimama. Nimekanyaga klachi kabisa, nasema kabisa, na bado inatambaa mbele, polepole, kama nyoka! Nikapiga kelele. Nikavuta breki ya mkono na mikono yote miwili. Baketi ilisimama ikiwa imegusa leso yake. Leso tu. Asante Yesu.

Kasyoki alikaa chini kwenye tope, akasema, "Aiya, Mwongeli, si ungeniambia umenichoka?" Wakacheka wote. Yeye pia. Halafu akaanza kulia, nikashuka tukalia pamoja.

Mulinge hakucheka. Alimwambia mwenyekiti Gedion, na alisema kwa sauti nisikie, kwamba chombo hakiendeshwi kwa huruma. Gedion akasema ataita fundi kutoka mji wa Sultan Hamud.

Nimeogopa. Siogopi kucheka kwao. Naogopa mguu wangu mwenyewe. Labda kweli sijui kukanyaga.

Alhamisi, 17 Oktoba

Afadhali ningebaki nyumbani.

Fundi Kaloki alikuja na boda. Kijana mstaarabu, buti zimejaa grisi. Alipoona nimeweka miguu juu ya mkeka akauliza ni kazi ya nani. Nikamwambia. Akasema hawezi kukanyaga jasho la mzee na buti hizo, kwao ni laana. Akafungua kamba moja moja, akaukunja, akanipa niushike kama mtoto.

Akaangalia oili. Sawa. Akaangalia waya wa klachi. Sawa. Akapanda, akaingia chini, akabeba, rivasi. Laini! Akamwaga, rivasi. Laini! Hata mlio wa kumsumbua ndege haukutoka. Mulinge akasema hebu naye ajaribu. Laini vilevile. Akawa anaendesha na mkono mmoja, mwingine anatupungia.

Na mimi nimesimama hapo nimepakata mkeka, mwethya mzima unanitazama.

Kaloki hakutaka kuniaibisha. Alisema kwa upole, "Mathe, hapa hakuna ugonjwa. Ni kuzoea tu. Mguu ushuke wote." Nikasema asante. Alipoondoka nikaufunga mkeka, nikapanda, nikatia rivasi — krrrrrr! Watu waligeuza nyuso. Hiyo ya kugeuza nyuso ndiyo iliniuma. Wangecheka tu.

Gedion amesema tumalizie wiki, halafu kuanzia Jumatatu Mulinge atashika usukani. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayesoma matangazo kanisani.

Nimempigia baba watoto Mombasa. Amesema nisijali, nipumzike. Nipumzike! Nani alimwambia nimechoka?

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimejua. Ee Mungu, nimejua, na afadhali nisingejua.

Asubuhi nikijaza dizeli mtungi uliniponyoka, ukaumwagia mkeka. Nikaufungua haraka, nikausugua na majivu, nikauanika kwenye mgunga. Nikapanda bila mkeka, chuma kinaunguza kupitia akala. Rivasi. Laini. Nikasema ni bahati. Tena. Laini. Mpaka mchana sijasikia krr hata moja! Kasyoki akanipigia kigelegele kutoka mbali. Mbali kabisa, hasogei siku hizi.

Jioni mkeka umekauka, nikaufunga ili nirudi nao nyumbani, Mwaitu asije akapapasa asiukute. Natia gia — krrrr.

Nikazima. Nikashuka. Nikapiga magoti, nikasukuma pedali ya klachi na mkono. Inashuka, inashuka, halafu inakalia mkeka. Inaishia hapo, klachi haijaachia injini. Unene wa kidole gumba umebaki chini yake, na huo ndio uliokuwa uniulie Kasyoki. Mguu wangu ulikuwa unafika mwisho. Mwisho wa mkeka.

Nilicheka peke yangu pale chini kama mwendawazimu. Halafu nikakumbuka ni wa nani. Sasa nitasema nini? Na nimsemee nani?

Nikinyamaza, mimi ndiye dereva asiyejua. Nikisema, ni mkeka wa Mwaitu uliotaka kuua mtu. Mwanamke asiyeona, aliyejitoboa vidole kwa ajili ya miguu yangu! Zawadi yake ya kwanza. Najua atakavyofanya. Hatagomba. Atasema "haya," ataingia ndani, na hatashika katani tena.

Nilijaribu ujanja. Nikamwambia, Mwaitu, mkeka ni mzuri mno, naona niukalie, kiti nacho ni kigumu. Akasema, "Nimesukia miguu. Makalio yako Mungu alishayawekea mto." Watoto wakaanguka kwa kicheko. Hata mimi. Ananitania! Mwaitu ananitania! Ndiyo maana siwezi.

Nimefikiria kuukata pembe ile ya klachi. Nilichukua kisu. Nikakirudisha jikoni.

Jumamosi, 19 Oktoba

Naandika nikiwa kwenye kiti cha trekta, mapumziko ya mchana. Sijawahi kuandika kazini.

Asubuhi yote nimefanya kazi bila mkeka. Uko hapa ndani ya mfuko, nyuma ya kiti. Silanga imeshuka, inaonekana. Gedion ameniambia fundi alinisaidia sana, kwamba sasa nimeshika. Nikasema ndiyo. Ndiyo! Mdomo wangu huu. Hata nimeanza kutumaini kwamba Jumatatu itapita kimya na hakuna atakayejua kitu.

Halafu Mwaitu amekuja. Sikumtarajia. Mulinge amemshika mkono, wanatembea juu ya ukuta wa silanga polepole, Mwaitu amejifunga leso yake ya kanisani. Kasyoki amenipitia akanieleza: Mwaitu anataka kuugusa mkeka wake ukiwa kazini. Na tena amesema, kwa vile Mulinge ndiye wa Jumatatu, na yeye aurithi, ni wa dereva yeyote. Mwaitu ataukaza mwenyewe kwa mikono yake. Mulinge atajaribu leo leo, baada ya chai, watu wamwone.

Mulinge na mkeka. Kwenye mteremko ule. Yeye anashuka kwa kasi, si kama mimi.

Sasa naona kila kitu kutoka hapa juu. Wenzangu wamekaa kivulini na chai. Kasyoki amesahau woga wake. Amerudi palepale chini, mbele ya baketi, anatafuna mahindi, amenipa mgongo. Mawingu yako karibu. Watu wanayatazama na kufurahi.

Wamefika kwenye kona. Mulinge anamwelekeza pa kukanyaga, kwa upole kabisa. Si mtu mbaya. Hajui tu.

Jana niliogopa Mwaitu hatashika katani tena. Bado naogopa. Lakini koleo la Kasyoki linang'aa pale chini, na siwezi kuacha kulitazama.

Nimechomoa ufunguo, nimeutia kwenye sidiria. Huko Mulinge hafiki.

Mwaitu anaita. "Mwongeli! Uko wapi? Nipe mkono nipande."

Nashuka nikamwambie. Mkeka ninao kwapani.