Siku Ilhan Alipochagua Masomo Yake

Abaayo Fardosa, dada yangu mpenzi,

Rehema za Mwenyezi Mungu zikufunike hapo ulipolala. Nakuandikia kutoka Habaswein, wakati wa alasiri. Wanafunzi wameenda kuswali, na upepo unasukuma vumbi jembamba chini ya mlango wa chumba cha walimu. Saa kama hizi ndizo wewe hunijia. Huji kama marehemu. Unaingia na hijabu yako nyeupe ya shule, unakaa kwenye dawati la mbele karibu na dirisha, unaweka kidevu juu ya mkono na kusubiri somo lianze. Sikusemeshi. Nikikusemesha huondoka.

Nina habari za binti yako. Lakini kabla sijazifikia, acha nikae nawe kidogo kule Garissa, kwenye shule yetu ya zamani.

Ulikuwa kidato cha pili, mimi cha kwanza. Mwalimu Mutiso, yule wa fizikia aliyetoka Kitui, aliingia darasani kwenu na kipande cha kioo. Sikuwepo, ila ulinisimulia bwenini mara nyingi hivi kwamba siku hizi naona kama nilikuwepo. Alikishika dirishani, duara la mwanga likapanda ukutani, likatambaa darini. "Sasa niambieni," akawauliza, "huu mwanga umejuaje pa kwenda?" Wenzako walicheka. Wewe hukucheka. Kuanzia siku ile ukawa unatembea kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Jumapili mchana, joto likiwa limetulaza sote kama nguo zilizoanguka, wewe ulikuwa umekaa mlangoni ukichezesha kifuniko cha sufuria juani, na doa la mwanga likipita polepole juu ya nyuso za wasichana waliolala. Nililiona likifika kwangu. Nilijifanya nimelala ili lisiondoke.

Kisha walimu waliotoka sehemu nyingine za nchi wakaanza kuondoka. Usalama ulikuwa umeharibika, na hakuna aliyewalaumu. Mwalimu Mutiso alituaga asubuhi kwenye paredi kwa maneno machache, akapanda basi. Muhula uliofuata, ratiba ya kidato cha tatu ilibandikwa ukutani bila fizikia. Mahali pake waliandika sayansi kimu.

Ulinishika mkono, tukaenda hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Nilisimama nyuma yako, nikishika ncha ya hijabu yako.

"Fizikia haina mwalimu," alikwambia. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu. "Chukua sayansi kimu. Itakufaa. Utakuwa mama mzuri."

"Mama nitakuwa tu, mwalimu, inshallah," ukamjibu. "Fizikia je?"

Alifungua mikono yake mitupu. "Ningekuwa nayo, ningekupa."

Ukachukua sayansi kimu, ukapika, ukashona. Siku moja katikati ya somo la mapishi ukamuuliza mwalimu kwa nini kijiko kinaonekana kimevunjika ndani ya glasi ya maji. Akakwambia uoshe vyombo. Tulicheka hadi tukashika mbavu, lakini nilikuona ukigeuka upande ukijifuta macho, na sikujua kama ni kicheko kilichokutoa machozi.

Likizo ndiyo iliyokuwa shule yako ya kweli, abaayo. Kile kitabu cha fizikia alichokuachia Mwalimu Mutiso ulikifungua uani kwa hooyo, mama yetu, kwenye kivuli cha nyumba, na mimi nikawa darasa lako zima. Ulikuwa ukifundisha huku umefumba macho. Hooyo akipita na jagi la maziwa ya ngamia alisema, "Hawa wasichana wangu wanaongea na nani?" Nilipofika kidato cha tatu, mwalimu mpya alikuwa amepatikana, na somo likarudi kwenye ratiba. Wewe ulikuwa umeshavuka. "Nenda," uliniambia. "Kaa mbele." Nilikaa mbele. Nimekuwa mwalimu wa fizikia kwa sababu ya uani ule.

Ukaolewa, ukaja kuishi huku Habaswein, ukampata Ilhan. Na alipokuwa bado anajifunza kufunga viatu, ukaugua. Siku ya mwisho uliyoweza kuongea vizuri ulinishika kifundo cha mkono ukasema, "Ilhan asome." Hayo tu. Neno la tatu nililiongeza mwenyewe, kimyakimya, nikaishi nalo miaka yote hii kana kwamba ulilitamka wewe: asome fizikia.

Nilihamia huku nikamlea. Ananiita habaryar, mama mdogo, kama inavyotakiwa. Anatembea kama wewe, bega moja likitangulia. Mwaka huu ameingia gredi ya kumi kwenye shule ninayofundisha. Mambo ya vidato yanakwisha, abaayo. Siku hizi ni sekondari pevu, na mtoto akiingia anachagua mkondo.

Mwalimu mkuu wetu, mama mmoja wa kutoka Bungoma, aliwaita wazazi awaeleze. Tulikaa chini ya turubai, wazee mbele, kina mama upande. "Masomo ya lazima ni Kiingereza, Kiswahili, hisabati na huduma kwa jamii," alisema. "Halafu mtoto anachagua matatu ndani ya mkondo wake. Sisi hapa tuna mkondo wa sayansi na mkondo wa sayansi za jamii. Ule wa sanaa na michezo hatuna."

Mzee mmoja mwenye ndevu za hina akainuka, Kiswahili chake kikiwa na lafudhi yetu. "Mwalimu, samahani. Hii njia mbili, mtoto akibita moja, ile ingine inafungwa?"

"Haifungwi, mzee. Lakini kurudi ni kazi."

"Basi huyu mtoto mdogo," mzee akasema taratibu, "mnamubatia kazi ya mtu mzima."

Watu wakaguna wakikubali. Nikaitwa niwaeleze kuhusu sayansi, nikaongea vizuri kuliko nilivyowahi kuongea. Niliona kama umekaa miongoni mwa wale kina mama, umefunika mdomo kwa shali, unatabasamu. Nikamtafuta Ilhan kwa macho. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anamtazama yule mzee, midomo yake ikicheza bila sauti, kama anayerudia maneno ili ayaonje.

Alasiri tulirudi nyumbani kwa miguu. Mbali upande wa barabara, ngamia walikuwa wanapita ndani ya mvuke wa joto, miguu yao haigusi ardhi. Nilimuuliza amechagua nini, kwa wepesi, kama mtu anayejua jibu.

"Fasihi ya Kiswahili, Kiarabu na jiografia."

"Na fizikia?"

"Fizikia ni yako, habaryar."

Nilisimama. "Ilhan, mama yako alinyimwa somo hili. Alilitaka akanyimwa."

"Najua. Umeniambia." Aliongea kwa upole, na upole wake ndio uliouma. "Lakini mimi sijanyimwa."

Tukatembea. Baadaye akasema, akitazama mchanga, "Mama simkumbuki. Nimejaribu. Ila ukianza kunisimulia, anaingia mlangoni, anakaa, anacheka. Nataka kujua hiyo inafanyikaje. Nataka niweze kuifanya mwenyewe."

"Na kwa nini Kiswahili? Kwetu hakuna anayeota kwa Kiswahili."

"Mimi naota," akasema.

Sitakuficha, abaayo, siku zile zilikuwa nzito. Nilihisi unakufa mara ya pili, na safari hii mbele ya macho yangu nikiwa mzima mwenye nguvu. Mwalimu mkuu naye alinivuta kando. "Una mwanasayansi pale nyumbani," aliniambia. "Alama zake ni nzuri, na darasa lako linahitaji wasichana. Mwelekeze kabla hatujafunga uchaguzi." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ningeweza. Ilhan ananiheshimu, ningemkazia uso mara moja tu na angebadilisha.

Kisha baba yake akapiga simu kutoka Diff, ambako sasa anauza mifugo. Alikuwa amesikia. "Mwalimu," aliniita, kwa Kisomali chetu, na nilijua amekasirika kwa sababu kwa kawaida huniita kwa jina. "Eti mtoto wangu anaenda kusoma Kiswahili? Kiswahili hata mimi ninacho, naongea na madalali kila siku. Si wewe ni wa sayansi? Mwambie achukue sayansi, awe daktari."

Nilifungua mdomo kumwambia, nitamwambia, shemeji, usijali. Nikasikia sauti yangu ikisema jambo lingine.

"Anachokitaka kipo kwenye ratiba, Abdullahi. Mwalimu wake yupo. Fardosa alisimama ofisini akaomba somo akaambiwa halipo. Huyu amesimama akaomba, na lipo. Mimi na wewe tutakuwa watu gani tukimwambia halipo?"

Nilisikia mbuzi nyuma yake na mtu akitaja bei. Abdullahi hataji jina lako kirahisi, unajua. Mwishowe akauliza, sauti imeshuka, "Hiyo fasihi ni ya nini hasa?"

"Ni ya kufanya watu walioondoka wakae karibu," nilimwambia.

"Basi asome," akasema, akakata simu.

Nilimpelekea mwalimu mkuu jibu mwenyewe. Hakufurahi, lakini aliliandika.

Muhula umeanza. Darasa langu lina wasichana wachache kuliko nilivyotaka, na nawapenda mno. Kuna siku napita dirisha la darasa la ule mkondo mwingine nasikia kicheko cha Ilhan, na moyo unanichoma kidogo bado. Halafu unatulia. Amebadilika. Anakula huku anaongea, anauliza hooyo alikuwa akiimba nini alipokuwa akikama ngamia, anauliza mchanga wa Diff una rangi gani. Maswali ambayo sikuwahi kumjibu kwa sababu hakuwahi kuwa na mahali pa kuyaweka.

Jana nilimwonyesha barua hii ikiwa haijaisha. Akaketi na kalamu akanirekebishia ngeli ukurasa mzima, akitikisa kichwa kama mwalimu wa zamani. "Habaryar, maji *ya*, si *za*." Kisha akauliza kwa nini nimekuandikia kwa Kiswahili, wakati mimi na wewe tuliongea Kiswahili darasani tu.

"Mimi nimeandika," nilimwambia. "Wewe ndiye utakayemsomea."

Alivaa shali akatoka uani na barua, jua likielekea kushuka. Nilibaki ndani, sikutaka kumtazama. Nilimsikia akisafisha koo, akaanza na jina lako, akafika kwa Mwalimu Mutiso, kwa hooyo na jagi la maziwa, bila kuharakisha, akipumzika pale ambapo wewe ungepumzika. Jirani alizima redio yake. Binti yako ana sauti nzuri, Fardosa. Alipofika mahali unapougua nilidhani ataruka. Hakuruka. Alisoma kila neno, nikasikia ukurasa ukigeuka, akaendelea.

Lala kwa amani, abaayo. Mwenyezi Mungu alipanue kaburi lako na kulitia nuru.

Ni mimi mdogo wako,
habaryar wa Ilhan.