Maziwa Yaliyosikia Habari

Jumatatu, 4 Juni 1956

Upepo wa baridi tangu alfajiri. Nepi hazikauki. Nimeanza kuandaa somo la mwili kwa darasa la saba ingawa likizo yangu ya uzazi haijaisha. Nimechoka kukaa. Rebeka ananyonya kama mtu aliyedhulumiwa. Mama mkwe anasema shingo yake imenona kama ya ndama. Kwake hiyo ni sifa.

Ndama mwenyewe alikufa jana, wa Mbugi, ng'ombe pekee anayetoa maziwa kiangazi hiki. Mama mkwe amemchuna na ngozi ameijaza nyasi kavu. Nikauliza ya nini. Akanitazama kama nimeuliza maji ni ya nini. Mimi binti wa mwinjilisti, nimekulia misheni, kwetu hapakuwa na hata mbuzi. Misigiri nzima inalijua hilo na inacheka.

Mume wangu Mkumbo bado yuko Itigi, kwenye genge la vibarua wa reli. Aliahidi kuja na asali. Nangoja asali, na mwenye asali zaidi.

Jumatano, 6 Juni

Somo lilikuwa gumu mno, nimeliandika upya. Mwili una njia mbili za kupeleka habari. Neva hupeleka upesi, kama simu ya stesheni. Tezi humwaga homoni kwenye damu. Hizo huenda taratibu zaidi, lakini hufika mbali na hukaa.

Watoto watauliza njia hizo mbili zinajuanaje. Mfano ninao kifuani. Rebeka akinyonya, neva za chuchu zinapeleka habari ubongoni. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Inamwaga homoni, damu inaibeba mpaka kwenye titi, maziwa yanashuka. Mtoto anaomba kwa neva, mama anajibu kwa damu.

Sentensi hiyo nimeipenda. Nitaiandika ubaoni. Kutamka chuchu mbele ya wale wavulana ni kazi nyingine.

Alhamisi, 7 Juni

Mzee Ramadhani, mchuuzi wa asali, ameshuka kwenye lori la kutoka Singida. Hakunywa hata maji. Garimoshi la mizigo limeacha reli mbele ya Itigi. Watu wa genge wamepigwa na mabehewa, kuna waliokufa. Majina hayajui. Genge analijua. Ni la Mkumbo.

Mama alikaa chini pale pale aliposimama. 

Jioni Rebeka alinyonya, akaachia, akalia. Akarudi, akaachia. Hakuna kitu.

Ijumaa, 8 Juni

Wanawake wa jirani wamejaa nyumbani. Nawachukia kidogo. Wanaomboleza mtu ambaye hatujaambiwa amekufa.

Mama mkwe ametoa amri: "Maziwa yaliyosikia habari mbaya hayanyweshwi mtoto." Eti yakamuliwe chini, mtoto apewe uji mwembamba wa uwele. Wote wakaitikia. Hapa ndivyo wafanyavyo, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Nilijua ni kosa. Asiponyonya, habari haipandi ubongoni. Isipopanda, hakuna kinachoshuka. Nikatii hata hivyo. Kichwa kilikuwa kimejaa Mkumbo, hapakuwa na nafasi ya ubishi.

Rebeka ametapika uji wote.

Jumamosi, 9 Juni

Nepi kavu. Juzi tu nilikuwa nalalamika hazikauki.

Utosi wa Rebeka umebonyea. Analia bila sauti. Maziwa ya kopo yako Kiomboi, na lori haliendi mpaka Jumatatu. Sijui kama Jumatatu ni karibu.

Nimemweka titini kwa siri. Anavuta, hapati. Sababu naijua. Hofu nayo ina homoni yake, inatoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, na ikishika mwili maziwa hayashuki. Nalijua somo lote, kwa mpango na kwa picha. Titi halijui kusoma.

Mbugi naye amebana maziwa. Mama hajaenda zizini tangu Alhamisi, wanamkamua majirani, na wanarudi na kibuyu kitupu. Mmoja kampiga fimbo. Najionea huruma, namwonea na ng'ombe.

Nisipompata Mkumbo na huyu nikampoteza. Siandiki zaidi.

Jumapili, 10 Juni

Asubuhi mama aliamka, akafunga kanga kiunoni, akasema mtoto lazima apate maziwa ya yeyote, hata ya ng'ombe. Akaenda zizini. Nikamfuata na Rebeka mgongoni.

Alimwekea Mbugi ile ngozi ya ndama, kaipaka chumvi. Mbugi akaanza kuilamba. Mama akakiosha kiwele kwa maji ya moto, akaegemeza kichwa ubavuni mwake, akaimba kwa Kinyiramba, chini chini. Hakukamua. Alingoja. Ng'ombe akashusha pumzi. Ndipo mama akagusa chuchu, na maziwa yakaja kwa kishindo.

 Hilo ndilo somo langu, na ng'ombe analijua.

Nikasema, "Mama, ungeacha kumkamua Mbugi kwa vile ndama wake kafa, ungemkuta na maziwa?"

"Angekauka."

"Na mimi mnanikausha."

Mama mkwe haambiwi hivyo. Nilitaka ardhi inimeze. Alinikabidhi kibuyu akaingia ndani. Alirudi na koti la zamani la Mkumbo, lile la reli, lenye masizi na harufu ya tumbaku. Akanivika mabegani. Akanikanda matiti kwa kitambaa cha maji ya moto, akamwingiza Rebeka ndani ya koti. Akaniimbia wimbo ule ule wa ng'ombe.

Hapo nikaelewa anachonifanyia. Na nikaogopa, kwa sababu ngozi huwekwa badala ya ndama aliyekufa.   Sauti yake ilikatika mara moja, akaendelea. Mkumbo ni mwanawe, na yeye hakuna aliyemletea koti.

Nikalia, nikamwegemea. Nikanusa tumbaku. Ikaja matitini ile hali ya kuchomachoma, kama siafu. Rebeka akameza, akakohoa, akameza tena. Titi la pili likalowesha koti.

Mama akasema, "Haya. Kumbe yanasikia na mengine."

Jumanne, 12 Juni

Hakuna habari. Shemeji amepanda lori kwenda Itigi kuuliza.

Nepi zimelowa. Nimezianika zote nikizitazama kama bendera. Nanyonyesha ndani ya koti, hata jua likiwa kali. Hofu haijaondoka, iko palepale, lakini maziwa yanashuka. Sikujua vinaweza kukaa nyumba moja.

Majirani wamerudi na uji wao. Mama amewaambia mjukuu wake ana chakula. Nilicheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Ijumaa, 15 Juni

Nilikuwa napepeta uwele uani, koti mabegani. Rebeka amelala ndani. Mama yuko mbele ya nyumba.

Nikasikia, "Shikamoo, mama."

 Nilisikia tu kibuyu kikianguka. Kabla sijainuka, kabla sijajiambia ni sauti ya nani, gauni langu lilikuwa limelowa kifuani.

Vidole viwili vya Mkumbo vimefungwa bendeji. Amekonda. Anasema alituma salamu na mtu, zikapotelea njiani. Waliobaki walizuiwa huko wainue mabehewa na kuzika wenzao. Hatujamuuliza zaidi. Asali hakuleta.

Aliuliza mbona nimevaa koti lake juani. Mama akamjibu kwamba kulikuwa na baridi, akaenda kumkamua Mbugi.

Jua lilipozama baridi ikaja kweli. Akaliomba koti lake. Nikalivua nikampa, nikamchukua Rebeka nikamnyonyesha hivi hivi, mabega wazi. Alishiba.